Kivuli cha Saa Nane na Nusu

Shangazi Zulmira alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja
na hakuna aliyemshukuru kwa pembetatu hata siku moja,
mpaka kampuni ilipobandika picha ya mnara
kwenye ukuta wa duka la dawa:
ghorofa arobaini na mbili, vioo vitupu,
na chini yake ufuo wetu wa Ponta da Arruda,
mchanga mweupe, watoto na ndoo zao,
jua limemwagika juu ya kila kitu.

"Jua hili wamelitoa wapi?" akauliza.
Muuza dawa akapandisha mabega.

Jioni ile alikata mianzi ishirini na sita.
Nikabeba. Katika ukoo huu mimi ndiye wa kubebeshwa.
Akafungua daftari, akalamba ncha ya penseli:
urefu wa mnara, mwinamo wa jua la Juni,
kisha akaniamuru nenda, nenda, nenda bado,
hadi maji yakaniingia viatuni.
"Chomeka hapo. Saa nane na nusu
kivuli kitakuwa kimefika ulipo.
Saa tisa, labda uwe na mashua."

Tukafunga vitambaa vyekundu, shuka la zamani lililochanwa.
Ukitazama kutoka barabarani
ni kama mtu ameushona ufuo
mahali ambapo haujachanika.

Barazani, diwani Osmarino alisimama akitabasamu:
"Watu hulipa pesa wapate kivuli. Sisi tunapewa bure!"
Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.
Ungekuwa mwezi wa Januari ningempa kura yangu.

Mhandisi akasoma karatasi: mandhari yatahifadhiwa,
kati ya jengo na jengo
patakuwa na mita tisa za bahari.
"Nilikuwa na mwanafunzi," akasema shangazi bila kuinuka,
"aliyekata ramani ya dunia ili ienee kwenye fremu."

Ndipo akasimama Nereu, ambaye hasemi.
Kila kipupwe hukaa kilimani na chupa ya kahawa,
anangoja mikizi wapande kutoka kusini.
Samaki wenyewe hawaoni. Huona doa:
maji yamekolea kidogo, kama shati mgongoni pa mchapakazi,
na doa linatembea.
Hapo hupunga koti, na mji mzima hushuka kuvuta wavu,
mwokaji na unga wake viganjani,
padri amekunja suruali.

"Mimi ni msomaji wa vivuli," alisema.
"Mkiifunika bahari yote kwa kivuli kimoja,
nitasoma nini?"
Akakaa. Aliyekuwa akikohoa aliacha.

Kura: sita kwa tano. Mnara utajengwa,
lakini ghorofa thelathini na moja.
Watu walikumbatiana mlangoni
kama wasafiri walionusurika ajali
ambayo bado haijatokea.

Shangazi hakukumbatia mtu. Alikwenda nyumbani kupiga hesabu,
na alfajiri alinigongea dirisha.
Tukaing'oa mianzi mmoja mmoja
tukairudisha nyuma, hatua sabini.
"Dakika arobaini na tano," alisema,
"za jua, kila alasiri ya kipupwe."
Aliitamka kama mtu anayehesabu chenji
aliyorudishiwa na mwizi.

Mwanzi wa mwisho, ule wa majini, hakutaka niuguse.
"Uache. Watarudi kuomba ghorofa zao,
na mimi sina miguu ya kuanza upya."

Basi upo pale hadi leo, na kitambaa kimepauka,
unatupa juu ya maji kivuli chembamba kama uzi.
Nereu alikiri baadaye, kwa aibu,
kwamba asubuhi ile akiwa kilimani
aliona kitu cheusi kikitikisika pwani,
akaweka kahawa chini,
akashika koti.