Vistari Viwili

Moduli ile ilijua barua pepe tu.
Mto Tisza ukipanda, iliandika barua ndefu
yenye jedwali na salamu,
ikaipeleka Szolnok kwa watu waliolala.

Mzee Dezső hana barua pepe.
Ana simu ya vitufe, kioo kimepasuka;
huilaza ndani ya kikombe kando ya kitanda
ili ikitetemeka imwamshe.

Basi nikaifungua Perl ya mtu nisiyemjua,
iliyoandikwa nikiwa darasa la tano,
alama za dola zimesongamana kama miiba ya samaki.
Nikaongeza faili moja. Halafu jingine.
Nikajitumia ujumbe: simu ikalia. Nikacheka peke yangu jikoni.

Lakini ujumbe wa herufi mia na sitini
ukiona ő, unanywea: sabini tu.
Onyo likakatika penye „ondokeni kabla ya”

Mtunza moduli, Joaquim wa Coimbra, akanijibu kwa adabu:
futa vile vistari juu ya herufi, ataelewa.

Ataelewa, ndiyo. Miaka themanini na moja
ameviweka kwa mkono wake, viwili viwili:
daftari la shule, cheti cha ndoa, kaburi la Piroska.

Nikafuta salamu. Nikafuta jedwali, jina la ofisi, tafadhali.
Ikabaki: Dezső, maji saa tisa. Toka sasa.

Joaquim alinyamaza siku kumi na moja,
kisha akaupokea msimbo,
akiondoa nafasi moja tu iliyozidi.

Machi, saa nane usiku,
kikombe kikalia.