Si Mmea

Maalim Shaame kaandika ubaoni himaya tano,
kwa Kiingereza kwanza, kama alivyoagizwa,
kisha akageuka, akajipangusa chaki kwenye suruali,
akatueleza kwa lugha ya nyumbani, tumfahamu.
Bakteria huku. Protista hapa.
Kuvu na jamaa zake uyoga, mtaa wao mbali.
Mimea. Wanyama, na sisi tumo.

"Na mwani?" akauliza Bakar wa dawati la nyuma.
"Mwani si mmea."

Darasa zima likacheka.
Nusu yetu sare hizi zimeshonwa kwa mwani,
daftari langu lanuka mwani,
na jana tu, maji ya bamvua yalipokupwa,
nilikuwa nao mpaka magotini, vidole vimekunjamana.

"Hauna mzizi. Hauna shina. Hauna jani.
Mnaloliita jani si jani."
Nikaandika: *si jani*.
Nikapiga mstari, mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Hadubini ya skuli ni moja.
Haina taa; tunaipeleka dirishani kuiombea jua.
Tu hamsini na mmoja, foleni yafika mlangoni,
na zamu yangu ilipowadia
kengele ikalia.

Kwa wepesi wa kusahau, Maalim katutungia:

*Hula, huzaa, hukua, hupumua, hujongea,*
*taka mwilini hutua, huhisi na kupokea.*

Nikaighani njia nzima hadi Maziwang'ombe,
viatu mkononi, mawe ya njia yale yale,
mbuzi wa watu nikiwahesabia sifa moja moja:
huyu ala, yule atua taka, wote wazima.

Mama yuko uwani, akata tai-tai,
vipande sawasawa, vya urefu wa kiganja.
"Mama, mwani si mmea."
Hakuinua uso.
"Hauna mzizi."
"Ungekuwa na mzizi," akasema,
"mie mafundo haya ningeyafunga miaka kumi na minane
ya nini?"

Nikamsomea beti la Maalim.
Akasikiliza kama asikilizavyo bei ya mnunuzi,
jicho moja limefumbwa.
Nilipofika *huhisi*, akaweka kisu chini.
"Hapo kasema kweli.
Ule mnene, wenye bei, ulihisi kabla yetu.
Maji yalipata moto, matawi yakapauka,
asubuhi moja nimeushika, wamegeka
kama mkate wa mofa uliolala.
Kamba nzima, Time. Kamba arubaini.
Kitabu chenu kimeandika dawa?"

Nilifungua usiku, kwa tochi ya simu.
Kuna chura kapasuliwa, kalala chali, hana haya.
Kuna ua la nchi za baridi.
Kuna moyo, mishale myekundu na ya buluu.
Dawa hakuna.

Jumatatu nikapeleka kitawi ndani ya kopo la siagi,
na maji yake ya bahari, yasimwagike.
Mapumzikoni Maalim akafungua maabara, sisi wawili na Asya.
Akakata kwa wembe, ukanda mwembamba kama ngozi ya kitunguu.
Nikainama.

Vyumba.
Vyumba juu ya vyumba, kuta zimeshikana,
kila kimoja na wekundu wake wa kahawia,
wala hakuna hata kimoja kilichonigeukia.
Hiki nilichokifunga kamba maisha yangu yote.
Nikasahau kupumua, sifa ya nne.

"Maalim, ukipauka, dawa yake nini?"
Akatazama yeye, kwa muda mrefu,
mpaka kelele za uwanjani zikaingia chumbani na kukaa.
"Sijui," akasema.
Hakulitafuta kwa Kiingereza.

Nimeliandika chini ya *si jani*:
*Maalim hajui. Mama hajui.*
Kisha nikaacha mistari mitatu mitupu,
nikapiga tarehe.