Daftari la Mawe

Ngome ya kilimani, Kabete, mvua za kwanza:
ukuta mmoja umesimama, wa pili umepiga magoti.
Idara imenituma na kopo la rangi nyeupe,
kila jiwe nilipe namba.

Aliyeijenga alitaka kuogopa kwa starehe,
matundu ya bunduki yakitazama viazi vitamu vya watu.
Waliopandisha mawe kutoka mtoni hawakuandikwa popote,
ila mmoja aliacha alama ya kidole gumba
chokaa ilipokuwa mbichi.
Nimeweka changu juu yake. Kimeenea.

Mia nne na kumi na mbili.
Pungufu: tisa.

Asava, mlinzi wa usiku, anakohoa, anatazama kwingine.
Nimeyaona, ndugu yangu.
Mawili yameshika tangi la Nyanchama kule bondeni,
moja ni kizingiti cha kinyozi,
limelainika kwa nyayo, halina kuvu wala ufa.
Mengine wanafulia.

Huku juu mkuyu umeshaingiza mizizi msingini,
na saruji ya ruzuku itafika, wanasema, mwakani.

Kwenye safu ya hali nimeandika:
tisa, yamehifadhiwa vyema.
Safu ya mahali nimeiacha wazi,
nikafunika kopo.