Mkono Mmoja Mgongoni

Friji la marehemu shangazi, lililokwisha kugandisha,
nimelilaza chali uani, Limbani,
nikalitoa kompresa, nikaliachia tumbo.
Tumbo hilo nataka lilee mayai sitini.

Taa mbili za wati arubaini ndizo kuku.
Kilichobaki ni akili ya kuku:
kujua lini joto limetosha,
lini ainuke akanywe maji.

Akili nikaiunda mwenyewe, juu ya meza ya kulia,
kwa kipimajoto na relei ya stabilaiza iliyoungua.
Ta, taa zinazima.
Ta, zinawaka.
Mize akasema, "Linavuta tasbihi hilo."

Fundi Bimkubwa hakucheka.
Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi,
akakigeuza kisanduku changu, bati la biskuti,
akaguna.
"Waya wa ardhi uko wapi?"
Nikaanza kumweleza nyumba yetu, ukuta, gharama.
"Nimekuuliza waya wa ardhi."

Tukaikita fimbo ya shaba karibu na kisima,
ndefu kunipita mimi,
tukaunga bati, tukaunga na mwili wa friji.
Fyuzi akaiweka kwenye laivu, si kwenye nyutro.
Swichi ikate zote mbili.
Waya akaubana ndani kwa kibano,
mtoto akijikwaa aanguke yeye, ncha isinyofoke.

"Chomoa. Pima. Usiamini. Pima tena.
Na siku ukilazimika kupima kilicho hai,
mkono mmoja mgongoni.
Usiupe umeme njia ya kukatiza kifuani."

Hata chai alikunywa hivyo:
kikombe kulia, kushoto mgongoni.
Alipoinuka kuaga niliuona.
Vidole vitatu na nusu.
Nusu nyengine sikuuliza aliiacha wapi.

Usiku wa ishirini umeme ukakatika Wete nzima.
Relei kimya.
Mize akachemsha maji, akajaza chupa za soda,
akazifunga kanga, akazilaza baina ya mayai,
mimi namulika kipimajoto kwa tochi ya simu:
thelathini na sita, thelathini na tano na nusu,
"Ongeza chupa."

Kabla ya adhana ukarudi.
Ta.
Na ndani ya yai moja, pembeni kabisa,
kitu kikajibu: ta.

Nikarukia mlango nifungue.
Mize akanishika kiwiko.
"Chomoa kwanza."