Zamu Yangu ya Kufukiwa

Kila Jumamosi ya kwanza ya Januari
hunifukia, nami hukubali.
Siku nyingine nakata tiketi za lifti hapa Sulet
nyuma ya kioo, hita miguuni.
Siku hiyo navaa suruali tatu,
natambaa ndani ya shimo lililochimbwa tangu jana,
na Ladina wa doria anauziba mlango kwa theluji
kama apaliaye wali, ila makaa yake ni ya baridi.

"Mengia, uko sawa?"
Niko sawa. Redio ninayo mfukoni,
hewa ameipima mwenyewe,
ubao upo juu yangu nisijetobolewa.
"Haya, kufa kidogo," anasema, na kwenda zake.

Wanakuja watoto wa darasa la sita,
kumi na wanne, makamasi yakiwachuruzika.
Nawasikia wote.
Flurin analalamikia glovu.
Seraina anataka kwenda msalani.
Ladina anauliza: mteremko ukiguna chini ya miguu, vuumm,
kama godoro lililokaliwa na mtu mnene,
utafanya nini?
"Nitarudi nilikotoka."
Na rafiki zako wakikucheka?
Hapo hajibu mtu.
Namsikia hata mbwa, Stria, akijikuna.

Sasa mimi naita.
Flurin! Seraina! Curdin!
kwa sauti ninayomwitia mume wangu akiwa zizini.
Hakuna anayegeuka.
Theluji ina tabia hiyo:
sauti ya juu hushuka, ya chini haipandi.
Kama ofisi ya kodi.

Kimya kingi, walisema, kina mshindo mkuu.
Kwetu mshindo hutangulia,
bonde zima linanguruma,
halafu ndipo kinakuja kimya,
na kimya hicho kimevaa saa.
Dakika kumi, Ladina huwaambia, bado tunacheka naye baadaye.
Za nusu saa hazisemi.
Huikunja mikono yake, akatazama misonobari.

Tii. Tii. Vifaa vimewashwa.
"Arobaini!" anasoma Curdin. "Thelathini na mbili! Kumi na nane!"
Namba zinashuka, nami, mjinga, natabasamu gizani
kama anayesikia wageni wake wakivua viatu mlangoni.
Kisha: "Ishirini na tano."
Amenipita.
Anakwenda zake.
Mwaka wa kumi na moja huu nafukiwa, na kila mwaka
ni hapo moyo unapokataa kwamba huu ni mchezo.
Kidole chenyewe kinaitafuta redio.

"Rudi," ni Seraina, aliyebanwa na mkojo.
"Kishushe kiguse theluji. Polepole.
Unakimbia kama umeachwa na basi."
Tisa. Nne. Mbili nukta moja.
Ufito wa kwanza unapita karibu na sikio, fss.
Wa pili: tok.
"Si jiwe! Jiwe halilii hivyo!"
"Usiuchomoe!" wanapiga kelele wote,
na makoleo yanaanza, si juu yangu,
yanaanzia chini ya mteremko, yakinijia ubavuni,
kama walivyofundishwa.

Mwanga unaingia wa buluu, kisha mweupe,
kisha uso wa Flurin, hana glovu hata moja.
Hakuniambia pole.
Aliniambia, kwa hasira kidogo,
"Mbona hukuita?"

Jumapili foleni imefika maegeshoni.
Ubao wa hatari unasoma tatu.
Kijana mwenye skii mpya na miwani ya rangi ya dhahabu
anataka tiketi ya kilele, ya njia zisizo na kamba.
"Kifaa umekiwasha?"
Anagusa sikio: hasikii.
Kioo kina kijitundu cha kusemea, lakini mimi nakijua kioo.
Naiacha tiketi yake mezani.
Nafungua dirisha, nainama
mpaka nusu yangu iko nje kwenye baridi,
nauliza tena.