Ikifika Tisini na Tisa

Niliandika mistari mitatu:
pakua, sakinisha, washa upya.
Nikaona inatosha.

Simu kutoka zahanati, Ahero:
"Umeandika tubonyeze Endelea.
Huku ziko mbili. Ipi?"

Nikapeleka kurasa arobaini,
picha, mishale,
hadi namna ya kushika kipanya.
Nerea akazipima mkononi kama anayenunua mchele.
"Wagonjwa wamejaa kwenye benchi, mwanangu.
Hizi nitazisoma nikistaafu."

Wiki iliyofuata nikakuta
kipande cha boksi la glavu
kimebandikwa juu ya kompyuta,
wino wa bluu, mwandiko wa kadi za kliniki:

*Bonyeza ya kulia.
Ikifika tisini na tisa itasimama.
Usizime. Haijafa.
Nenda kachemshe sindano, urudi.*

Kwangu, Milimani,
haikuwahi kusimama.