Saa Nane, Iwambi

Lori linashuka mteremko.
Nalisikia tangu kona ya juu,
breki za upepo zikikoroma, zikipiga chafya,
na kabla halijafika bondeni
Gwantwa ameshakaa kitandani:
"Baba, nani anakohoa?"

Ni lori, mwanangu. Limebeba mafuta, linakwenda Zambia. Lala.
"Zambia wamelala?"
Wamelala.
"Wote?"
Wote, nimebaki mimi tu,
na kosa langu nalijua palepale:
"Baba, kumbe wewe uko Zambia?"

Mama yao yuko Rufaa, zamu ya usiku,
wodi ya watoto wa wenzetu.
Kaniachia maagizo nyuma ya karatasi ya kalenda:
dawa ya kikohozi, kijiko kidogo, si kile cha chai;
soksi mbilimbili, Julai hii haina utani;
akiamka usiwashe taa.
Hakuandika nifanyeje nikiamka mimi.

Nane na robo, anataka maji.
Nane na nusu, maji yanataka kutoka.
Twende uani kwa tochi ya simu,
baridi inanivuta masikio kama mwalimu mkuu,
naye amechuchumaa anahesabu nyota,
moja, mbili, nane, kumi, kumi,
wingu likipita anaanza upya
na mimi nimemshikia kofia.

Tisa kasorobo analipuka mdogo wake.
Lusekelo: meno mawili, la tatu liko njiani,
na linakuja kwa reli ya TAZARA, honi juu.
Nambeba begani natembea. Mlango, kabati, ndoo.
Ndoo, kabati, mlango.
Chumba hiki nimekipima kwa nyayo, hatua saba;
kufika saa kumi kimepungua, hatua sita
na kidole gumba kwenye mguu wa kabati.
Neno nililolitoa halimo katika kamusi ya shule.
Gwantwa, aliyekuwa amelala fofofo, kalidaka.
Jumapili atalifikisha kwa mchungaji.

Halafu panya darini.
Halafu mbwa wa mzee Mwambungu, kambwekea panya.
Halafu umeme, uliokatika tangu jioni, unarudi
na redio niliyosahau kuizima
inatutangazia bei ya mahindi.

Kuna wakati, sitaficha,
nilisimama gizani na mtoto mikononi
nikamchukia kila aliyelala:
mchungaji, mwalimu mkuu,
mama yangu kule Kyela na joto lake.
Nikawaza jambo ambalo sitaliandika.
Lusekelo akanishika sikio,
akalifikicha taratibu
kama mtu anayekagua kitenge dukani,
akalala nalo kiganjani.
Nikabaki hivyo, nimefungwa kwa sikio.
Malori matatu yakapita.
Mate sikumeza.

Kumi na mbili Subilaga anaingia,
viatu mkononi asituamshe.
Uji umeungua, ananusa, hasemi.
"Wamelala?"
Ndiyo kwanza.
Anaweka kiganja shingoni mwangu, kinanuka spiriti,
nami nataka kumweleza usiku mzima
lakini naona macho yake: na yeye ana wa kwake,
na wa kwake, pengine, haukuisha kwa mtoto kulala.
Namvutia blanketi. Tunapokezana
kama walinzi wa duka lisilo na kitu.

Saa mbili, Darasa la Sita, desimali.
Nafunga kitufe cha shati, kumbe ni tundu la jirani yake.
Getini Mama Atupokile na ndoo yake ya maziwa
ananisalimu kwa lugha ya nyumbani, kama kila siku,
salamu ambayo ukiifumua
ni swali tupu: "Ugonile?"
Umelala?

Nikamtazama. Nikalitafuta jibu la kweli,
nikalizungusha mdomoni.
Kule kona ya juu lori likapiga chafya.
"Ndaga," nikamwambia. "Ndaga fijo."
Nikamlipa mara mbili
nikaondoka bila maziwa.